Kaburi Ndani ya Rehani

Jumatatu, 24 Mei 1948

Kanazi hadi Bukoba mara mbili leo. Mvua. Lori lilikwama mlimani, magunia ya nyuma yakalowa. Mzee Hamadi hakugomba. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lori ni lake. Bati lililo juu ya nyumba yangu pia lilitoka dukani kwake, na saruji, na misumari, mwaka ule niliorudi kutoka Burma. Kibanja changu, shamba lote la migomba na kahawa, ni rehani mkononi mwake. Kila mwaka anachukua kahawa yangu kwa butura, ikiwa bado maua mtini, na deni linabaki pale pale.

Aliniita uani, akaniagizia chai. Akasema anazeeka, duka sasa analishika mwanawe mkubwa. Mwanawe anataka madeni yote yafungwe kabla msimu huu wa kahawa haujaisha. Nikishindwa, kibanja kitauzwa pamoja na nyumba iliyo juu yake.

"Si mimi, mwanangu," alisema. "Ingekuwa mimi, tungeendelea hivi hivi."

Namwamini. Haisaidii kitu. Chai sikuimaliza.

Jumatano, 26 Mei

Nimekwenda ofisi ya askari wa zamani pale mjini. Karani anaitwa Kristofa, kijana wa Bukoba, msafi, mwenye subira. Kuna mfuko wa sisi tuliorudi vitani. Utamlipa Hamadi deni lote kwa mara moja, halafu mimi nitaulipa mfuko kidogo kidogo kwa miaka mingi, riba ndogo. Deni halifi, linahama tu. Lakini kahawa yangu nitaiuza ikiwa imeiva, kama watu wengine.

Masharti: kibanja kiwe changu kweli, mkungu, mkuu wa kijiji, athibitishe. Mipaka ipimwe. Makaburi yaonyeshwe na yatengwe, kwa sababu hawapokei rehani ya makaburi.

Makaburi tunayo matatu. Babu, bibi, na Taata, baba yangu, aliyefariki nikiwa bado ng'ambo. Rahisi.

Nilimweleza mke wangu Paskazia nikidhani atapiga vigelegele. Aliuliza jambo moja tu: "Watatembea kibanja chote?"

Nikasema chote. Akaendelea kumenya ndizi. Wanawake wana mambo yao.

Jumapili, 30 Mei

Misa. Nimepaka chokaa ukuta wa mbele. Maawe, mama yangu, hataki kula. Anasema tumbo.

Jumanne, 1 Juni

Karani Kristofa alikuja na utepe wake wa kupimia. Mkungu Feliciani akaja na fimbo. Tulianzia barabarani, tukafuata mstari wa miramba, miti ya mpaka, kila kitu sawa. Makaburi matatu tukayaonyesha. Kristofa akaandika. Tukaingia nyuma ya nyumba, kwenye mibuni ya zamani ambako nyasi za kutandaza ni nzito.

Kristofa alipiga hatua, mguu ukazama. Hadi gotini. Ardhi ilimmeza mguu kama mdomo. Nilimshika kwapani nikamvuta, kiatu kikabaki chini, nikaingiza mkono nikakitoa. Mle ndani palikuwa tupu, baridi, na laini.

Nilidhani ni shimo la muhanga. Nikaenda kuchukua jembe nifukie. Mkungu Feliciani akanidaka mkono.

"Weka jembe chini."

Nikauliza kuna nini. Akasema nikamuulize mama yangu. Mzee yule hajawahi kukwepa macho yangu, leo alikwepa. Kristofa akiwa amesimama kwa mguu mmoja aliuliza, kwa upole, kama hili ni kaburi. Akakunja utepe.

Nilipogeuka Maawe alikuwa mlangoni pa jiko, mikono yote miwili kichwani, kama mtu aliyefiwa.

Baadaye.

Maawe amesema. Naandika hivyo hivyo.

Kaburi ni langu.

Jumatano, 2 Juni

Sikwenda kazini. Nayaandika kama Maawe alivyoyasema, yasije yakabadilika kichwani mwangu.

Nikiwa vitani tarishi alikuja kwa mkungu na habari ya mdomo: Anakleti, jina langu, askari wa simu, mtu wa Bukoba, ameuawa Burma. Taata aliuliza mwili uko wapi. Mwili hakuna. Akasema mtoto wake hatakaa porini bila kuzikwa. Akakata mgomba, wakapima kimo changu kwa kukumbuka, wakaufunga kwa rubugo, nguo ya gome la mti, wakaweka na shati langu la shule. Wakazika. Watu wakaja, wakalia, wakalala matanga. Maawe akanyoa. Mgomba umeoza chini miaka hii yote, na ndiyo maana ardhi ni tupu.

Taata hakuinuka tena. Alifariki kabla sijarudi. Mimi niliambiwa ni kifua. Si kifua. Alikufa akinililia, na wakati huo mimi nilikuwa hospitali India, homa imeisha, nakula mkate na jemu. Sikuandika barua mwaka ule wote. Nilikuwa nimechoka na kila kitu.

Kisha siku moja nikatokea njiani na begi langu. Nakumbuka watoto walikimbia. Nilidhani ni sare.

Maawe ndiye aliyekataza watu wasiniambie. Kijiji kizima kikatii! Alisema aliogopa kwamba mtu aliyezikwa akijua amezikwa, atafuata.

Naangalia mikono yangu. Nimekunywa rubisi na watu hawa. Nimeimba nao kanisani. Wote walikwisha kunitupia udongo.

Alhamisi, 3 Juni

Kuna jingine. Nilidhani la jana ndilo la mwisho.

Mkungu Feliciani alikuja asubuhi, akakaa, akavua kofia. Akasema hawezi kumdanganya karani. Taata alipokuwa anakata roho alimwita yeye na wazee wengine, na mbele yao akamtaja mrithi. Mimi nilikuwa marehemu. Akamtaja Projesti, mdogo wangu. Neno la baba anayekufa halikufutwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo kibanja si changu. Nimejenga nyumba ya bati kwenye ardhi ya mdogo wangu. Nimeweka rehani kwa Hamadi kitu ambacho sina. Mfuko hauwezi kuchukua deni hili ila Projesti aje mwenyewe aseme. Na Projesti akitaka, anaweza kuniambia niondoke hata kesho.

Projesti yuko Ngenge, upande wa Muleba. Alihama muda mfupi tu baada ya mimi kurudi. Hakuaga vizuri. Nilidhani hapendi kuniona.

Ijumaa, 4 Juni

Nimegombana na Paskazia. Ukweli ni kwamba nimegomba peke yangu. Wengine wote nawaweza. Yeye amelala kando yangu tangu nirudi, na alijua. Kila siku alipita kwenye ile mibuni akienda kuchuma.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema:

"Ulirudi unalia usingizini. Ningekuambia siku gani?"

Nilitoka nikakaa kwenye lori.

Maawe ndiye aliyenieleza lile ambalo Paskazia hakulisema. Kwenye msiba wangu alikataa kunyoa. Alisema hajaona mwili. Wakamwita mkaidi, wakamwita mchawi, wakataka arithiwe na Projesti, akakataa, na Projesti naye akakataa. Alikaa na nywele zake katikati ya wanawake wote walionyoa.

Nilirudi ndani. Nilimsaidia kuchambua maharage.

Jumatatu, 7 Juni

Mzee Hamadi amenipa safari ya kahawa ya Muleba. Nilimweleza kila kitu. Alisema "Subhanallah" mara nyingi, akakaa chini kwenye gunia. Akasema atamzuia mwanawe kwa muda, hajui kwa muda gani.

Lori nimeliacha Muleba kwa mtu wake. Ngenge nimekwenda kwa miguu. Njia inashuka, joto linapanda, migomba inapungua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba mdogo wangu anipe kilichokuwa changu. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na haya. Sijui kipi kilizidi.

Nilimkuta analima. Amekonda. Aliponiona alisimama na jembe begani, akasema, "Kamugisha. Wamekwambia."

Jina langu la nyumbani. Nikakaa chini pale pale kwenye matuta.

Nilianza maneno yangu ya kibanja na mfuko na rehani. Akanikatiza. Kibanja ni chako, akasema, nitakuja, nitaweka dole gumba mbele ya nani unayemtaka. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayerudisha panga la kuazima. Safari nzima nimekuwa nikijiandaa kupigana na mtu ambaye hakuwa akipigana.

Ndipo nikamuuliza basi kwa nini alikimbia.

Akasema hakukimbia. Siku niliporudi, wote walikuwa wanalia na kucheka, yeye akawaza jambo moja. Ile habari ya kifo ilikuwa kweli. Ilikosea mlango tu. Kama Anakleti aliyekufa si huyu, yuko mwingine. Na huko alikotoka hawajui.

Aliuliza-uliza kwa askari waliorudi. Wakamtuma Muleba, Muleba wakamtuma huku. Akamkuta mama mzee, mjane, anaishi peke yake, mwanawe wa pekee alikwenda vitani. Anakleti. Alifika ili amwambie. Mama akamkaribisha kwa maji, akasema, "Wewe unatoka mjini, meli za askari zimekwisha zote au bado zipo nyuma?"

Hakuweza. Akaokota jembe lake akamlimia. Kesho yake tena. Yuko hapa hadi leo.

Shamba nililokuwa nimekaa juu yake ni la mama huyo.

Namjua Anakleti mwingine! Kombania nzima ilituita Mrefu na Mfupi. Mimi Mrefu. Yeye Mfupi. Nilikuwepo alipokufa, nikamwambia Projesti.

Jumanne, 8 Juni

Projesti ana sharti moja tu. Si la ardhi. Alisema: kwanza twende kwa mama, wewe ulimwona, mimi sina maneno.

Nilitaka kukataa. Nimekwenda.

Anaitwa Ma Verediana. Mdogo wa mwili, kama mwanawe. Alitandika mkeka. Nikapiga magoti kwanza, nikamsalimu kwa Kihaya, nikasema jina langu. Aliposikia Anakleti uso ulifunguka, nikaona lazima niseme upesi au nitashindwa kama Projesti.

Nikasema kwa heshima: "Waitu Maawe, nilikuwa na mwanao. Hatarudi."

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja chini kwenye mkeka kama anapima kama nyumba inatikisika. Akaniambia nieleze.

Nilieleza. Tulikuwa tunatandaza waya wa simu kando ya mto, mimi na yeye. Bomu la mzinga. Halikumtesa, alikwenda mara moja. Tulimzika chini ya mianzi, padri wa jeshi akasoma, mimi nilikuwa mmoja wa waliochimba. Sijawahi kumwambia mtu habari ya siku ile, hata Paskazia.

Akauliza: "Siku hiyo alikuwa amekula?"

Nikasema alikula. Mimi nilikuwa na homa, nikampa na wali wangu. Alikula wa watu wawili.

Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikaona hilo limemwingia kuliko yote.

Halafu akauliza: "Nani alimlilia?"

Kumbe jibu la hilo ndilo nililotoka nalo Kanazi bila kujua. Nikamwambia. Mama yangu alimlilia. Baba yangu alimlilia hadi akafa. Kijiji kizima kililala matanga. Walidhani ni mimi, lakini habari ilikuwa yake, na kaburi ni lake. Lina rubugo nzuri.

Kuku waliingia wakatoka. Akamgeukia Projesti.

"Ulikuwa unajua, ukinilimia?"

"Nilijua, Maawe."

Akampiga kifuani kwa kofi. Kisha kiganja hakukiondoa. Kilibaki pale pale kifuani kwa Projesti, na hapo ndipo alipolia.

Nimeona watu wakifa. Sijawahi kuona jambo kama hili.

Kabla hatujatoka alisema anataka kwenda kwa huyo mama.

Ijumaa, 11 Juni

Tumerudi sote na lori. Ma Verediana alikaa mbele, kati yangu na Projesti, ameshika nguo zake kwenye kikapu. Hajawahi kupanda gari. Tukaliona ziwa kwa mbali. Akauliza kama meli zinatia nanga huko. Nikasema ndiyo. Akaliangalia hadi lilipopotea.

Maawe alitoka nje kumwona Projesti. Nikamweleza mgeni ni nani. Nilikuwa naogopa. Maawe alimtazama, akaingia ndani, nikadhani amekasirika. Alitoka na mkeka mpya. Akamshika mkono akampeleka nyuma, kwenye mibuni.

Hatukuwafuata. Tulisikia kilio. Sauti mbili.

Paskazia alizima moto wa jiko, akavua kitambaa, akaomba wembe kwa jirani. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema sasa kuna mtu aliyeuona mwili. Akanyoa kwa ajili ya Anakleti Mfupi, nywele zote alizowanyima. Nilikaa kizingitini nikimwangalia.

Jumatatu, 14 Juni

Wazee wamekaa. Wengi walitaka kaburi lifukuliwe, mgomba na shati vitolewe, ndipo mimi nihesabiwe hai na urithi urudi. Mkungu Feliciani naye alielekea huko. Mimi nilikuwa tayari. Miaka yote hii kulala karibu na shimo langu!

Ma Verediana aliomba kusema. Mgeni, mwanamke, akasimama mbele yao. Akasema wakichimba watakuwa wamemfukua mwanawe.

Basi. Hakuna aliyeendelea.

Projesti akasimama, akasema Taata alimrithisha kwa kosa la habari. Aliyekufa hakuwa mwana wa nyumba hii. Kwa hiyo mkubwa yupo, na kibanja ni cha mkubwa. Wazee wakaitikia. Nilitegemea kufurahi. Nilikaa hapo hadi wa mwisho alipoondoka.

Jumanne, 22 Juni

Karani Kristofa amerudi. Safari hii na viatu vya mpira. Mkungu akathibitisha, Projesti akaweka dole gumba, mimi nikatia saini. Tulipofika kwenye mibuni Kristofa alisimama mbali, akauliza kaburi aliandike la nani.

Nikamtajia. Anakleti, askari wa simu, wa Ngenge.

Alinitazama, akatazama jina langu juu ya fomu, akanitazama tena. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akapima pande zote nne, akalitenga na rehani pamoja na njia ya kulifikia. Mfuko hautalishika, mwana wa Hamadi hatalishika, hata mimi sitaweza kuliuza. Ma Verediana aliomba asomewe sehemu hiyo. Kristofa akaisoma kwa Kihaya, polepole. Akaomba asomewe tena.

Alhamisi, 1 Julai

Mfuko umemlipa Hamadi. Nilikuwepo dukani. Mwanawe alihesabu, akaridhika, akaandika stakabadhi. Mzee mwenyewe alinirudishia karatasi ya rehani kwa mikono miwili. Akaniuliza kama nitaendelea na lori. Nitaendelea. Akasema vizuri, maana gia ya tatu hakuna mwingine anayeiweza.

Nina deni bado. Nitalilipa hadi ndevu ziwe nyeupe. Leo halinitishi.

Sijalala vizuri, lakini silii tena usingizini. Paskazia ndiye anayesema.

Jumamosi, 10 Julai

Tunachuma. Kahawa nyekundu, imeiva mtini, ya kwetu. Projesti amerudi Ngenge kuangalia mashamba, atakuja mwisho wa mwezi. Ma Verediana amesema atakaa hadi mavuno yaishe, kisha ataona. Anachambua haraka kuliko sisi wote.

Mchana Maawe aliivisha ndizi na samaki. Alisimama mlangoni pa jiko akaita, "Anakleti!" Tangu nirudi vitani alikuwa akiniita mwanangu, au wewe. Jina hakuligusa. Leo limemtoka tu, kwa sauti kubwa, hadi barabarani.

Niliitika. Kule kwenye mkeka Ma Verediana naye alikuwa ameinua kichwa.

Maawe akaona. Akabaki amesimama, mkono mdomoni.

Ma Verediana akapangusa vumbi la kahawa mapajani. "Nenda ukale, baba," akaniambia. "Mama anakuita."